Boila Ikijizima, Usiilazimishe Kuwaka

Mfanyakazi aliyechomwa na mvuke anaweza kulazwa kwa miezi kadhaa. Hata hivyo, ajali nyingi za namna hii huweza kuepukwa.

Boila hutumiwa katika viwanda vya majani chai, viwanda vya maziwa na hata vyumba vya kufulia nguo hospitalini. Maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 100, lakini ndani ya boila yenye shinikizo la baa 10, joto hupita nyuzi 180. Mvuke ukigusa ngozi hugeuka kuwa maji na kuachilia joto lote uliobeba. Ndiyo sababu huchoma vibaya kuliko maji yanayochemka.

Kwa hivyo boila huwekewa vifaa vya kuizima yenyewe. Kimoja huizima maji yakipungua kupita kiasi. Kingine huizima shinikizo likizidi. Cha tatu hulinda mwali: ukizimika, mafuta hukatwa yasije yakajaa tanurini na kulipuka. Katika boila za kuni, feni husimama, lakini makaa huendelea kutoa joto.

Hatari huanza pale msimamizi anapotaka kazi iendelee, naye mwendeshaji akabonyeza kitufe tena na tena au kuipita swichi kwa waya. Mabomba yaliyokosa maji hupata moto mno. Maji yakiingizwa wakati huo hugeuka mvuke kwa ghafla, na lita moja hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke hewani. Boila inaweza kupasuka.

Ikijizima, usiongeze maji iwapo huyaoni kwenye kioo cha kupimia. Hakikisha moto umekatwa, waondoe watu karibu na umwite fundi atafute chanzo.

Mtu akichomwa, mwondoe hatarini. Mvue nguo, saa na pete zisizoganda kwenye ngozi. Mwagilia jeraha maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, kisha lifunike kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala yai. Aliyechomwa usoni, au ambaye sauti yake imekauka, akimbizwe hospitalini mara moja, kwani koo huweza kuvimba na kuziba pumzi.

Kusimamisha kazi kwa saa chache ni hasara ndogo. Ngozi iliyoungua haina fundi wa kuirudisha ilivyokuwa.