Je, Wajua? Ulemavu ukimpata mtumishi wa serikali Rusizi, nani atamlipa?

Mwalimu wa Bugarama, muuguzi wa Gihundwe, afisa wa sekta pale Kamembe: wote wanaishi kwa mshahara wa mwezi. Siku mwili ukigoma, nyumba nzima inayumba. Soma haya kabla ya siku hiyo.

Je, wajua kwamba kinga ya kipato unayo tayari, hata kama hujawahi kununua bima kwenye kampuni yoyote? Iko RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii ya Rwanda, iliyoundwa kwa sheria ya Desemba 2010 pale mfuko wa pensheni wa Caisse Sociale ulipounganishwa na RAMA, bima ya matibabu ya watumishi wa serikali.

Je, wajua kwamba kinga hiyo ina milango miwili? Wa kwanza ni ajali kazini na maradhi yatokanayo na kazi. Wa pili ni pensheni ya ulemavu, kwa aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi kwa sababu nyingine kabla ya umri wa kustaafu. Ukibisha mlango usio wako, unapoteza miezi.

Je, wajua kwamba mlango wa kwanza haukugharimu hata faranga moja? Mchango wake ni 2% ya mshahara, na mwajiri ndiye anayeulipa wote.

Je, wajua kwamba kwa ajali ya kazini hakuna muda wa kusubiri? Mwalimu aliyeajiriwa wiki hii analindwa sawa na aliyefundisha miaka 20.

Je, wajua kwamba barabara nayo ni kazini? Ajali ikikupata kati ya nyumbani na ofisini, au ukiwa safari ya kikazi kwenda Kigali kupitia msitu wa Nyungwe, inahesabiwa kuwa ajali ya kazi. Lakini ukikatiza njia kwa shughuli zako binafsi, haki hiyo inaweza kukuponyoka.

Je, wajua hesabu yake? Tuchukue mshahara wa faranga 200,000. Ulemavu wa muda hulipwa 75% ya wastani wa mshahara, yaani kama 150,000 kwa mwezi. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa 85%, yaani 170,000 kila mwezi. Daktari akikadiria kwamba umepoteza 40% ya uwezo wako, unapata 40% ya hizo 170,000, yaani faranga 68,000. Ndiyo maana kiwango kinachoandikwa kwenye cheti cha daktari ni jambo la kusoma kwa makini, kisha kuuliza.

Je, wajua kwamba ulemavu wa kudumu ulio chini ya 15% haulipwi kila mwezi? Fedha zake hutolewa mara moja tu. Zipangie kazi mapema.

Je, wajua kwamba asiyeweza kula, kuvaa wala kutembea bila msaada wa mtu huongezewa 40% ya pensheni yake? Familia nyingi humtunza mgonjwa bila kuiomba nyongeza hiyo.

Je, wajua kwamba tetemeko la Februari 3, 2008, la ukubwa wa 5.9, lilipiga Rusizi na Nyamasheke siku ya Jumapili? Watu wengi hawakuwa kazini. Wengine walikuwa kanisani. Kwa balaa la namna hiyo, mlango unaobaki ni wa pili, ule wa pensheni ya ulemavu.

Je, wajua kwamba mlango wa pili unauchangia mwenyewe? Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka 6% hadi 12%, nusu yako na nusu ya mwajiri, na umepangwa kufika 20% mwaka 2030. Pensheni ya ulemavu hukokotolewa kwa kuangalia mshahara na muda uliochangia, kwa hiyo mwezi ambao haukuandikwa ni hasara yako.

Je, wajua kwamba RAMA hulipa 85% ya matibabu lakini haijazi pengo la mshahara? Kutibiwa ni haki moja, kulipwa kipato ni haki nyingine. Dai zote mbili.

Je, wajua majirani wanafanyaje? Tanzania, mfuko wa fidia wa WCF ulioanza 2015 hulipa 70% ya mshahara kwa ulemavu kamili wa kudumu, kwa watumishi wa umma na wa sekta binafsi. Kenya, sheria ya 2007 inatoa kwa ulemavu kama huo fidia ya mishahara ya miezi 96.

Je, wajua kwamba ulemavu si barua ya kufukuzwa kazi? Sheria ya Rwanda ya Januari 2007 inayolinda watu wenye ulemavu inakataza ubaguzi katika ajira.

Basi fanya mambo matatu wiki hii. Hakikisha michango yako RSSB imeandikwa mwezi kwa mwezi. Mwonyeshe mwenzi wako mahali unapoweka barua ya ajira na hati za mshahara. Na ukiumia kazini, hata kidogo, toa taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo na ubaki na nakala. Haki isiyodaiwa hailipwi.