Injini Mpya, Stelingi ya Zamani: Hosi ya Pawa Ifungwe Vipi?

 

Safari hii naomba tuingie gereji kidogo. Wengi wetu huku Marekani tunanunua mikweche kwa sababu ndiyo tunayoimudu, na mchezo wa kutoa injini iliyochoka na kuweka ya kisasa umeenea sana, hata kwa wanafunzi. Injini ikishakaa mahali pake watu hushangilia wakidhani kazi imekwisha. Kumbe bado hosi mbili za pawa stelingi, na hizo ndizo zinazoweza kukuletea moto chini ya boneti.

Mfano wangu ni pikapu ya jamaa yetu mmoja, Mkenya, ambayo tumekuwa tukiishughulikia wikiendi hapa Houston. Ni Chevrolet C10 ya 1972. Injini aliyoiweka ni V8 ya lita 5.3, ile LM7 ambayo General Motors waliifunga kwenye pikapu zao tangu 1999 hadi 2007. Inapendwa kwa sababu ina nguvu na imejaa kwenye yadi za magari chakavu. Imekuja na pampu yake ya pawa, lakini boksi la stelingi ni lile lile la 1972.

Mfumo wenyewe

Pampu inazungushwa na mkanda wa injini. Inasukuma oili kwenda kwenye boksi kwa hosi ya presha, na oili ikishamaliza kazi inarudi kwa hosi ya pili, ya marejeo. Hosi hizi si ndugu kabisa. Ukikata usukani mpaka mwisho, presha kwenye ile ya kwanza inaweza kupanda hadi pauni 1,000 au 1,500 kwa inchi mraba. Tairi la saluni linajazwa pauni thelathini na kitu tu! Ndiyo maana hosi ya presha haifungwi kwa klipu ya kukaza na bisibisi, hata iwe ya kusogeza gari mtaa wa pili. Hosi ya marejeo ina presha ndogo, hiyo klipu inaitosha.

Inchi na milimita

Hapa ndipo watu wanaponaswa. Maboksi ya GM ya miaka ile yana matundu ya vipimo vya inchi: 5/8 na 11/16, yote yakiwa na nyuzi 18 kwa kila inchi. Ncha ya paipu imetanuliwa kama mdomo wa tarumbeta, na nati inaukandamiza mdomo huo ndani ya boksi mpaka chuma kizibe kwa chuma. Kuanzia takriban 1980, GM walihamia milimita: M16 na M18, nyuzi zikiachana kwa milimita 1.5, na kinachozuia oili ni oringi ya mpira. Pampu ya LM7 ni ya kizazi hiki cha pili. Tundu lake la presha ni M16.

Sasa piga hesabu. 5/8 ya inchi ni milimita 15.9, na M16 ni milimita 16. Kwa macho ni kitu kimoja! Nyuzi 18 kwa inchi maana yake ni milimita 1.41 kutoka uzi hadi uzi, si 1.5. Kwa hiyo nati isiyo yake inaweza kuingia mizunguko miwili mitatu halafu ikakwama. Ukiongeza spana ndefu na hasira, unakula nyuzi za boksi au za pampu. Jamaa yetu aliambiwa na muuzaji mmoja wa spea, "hiyo itaingia tu." Tukaijaribu kwa vidole, ikakwama mzunguko wa pili, tukairudisha dukani siku hiyo hiyo. Nati sahihi inaingia kwa vidole karibu yote. Spana ni ya kukazia tu.

Na wale wa kuzungushia tepu nyeupe ya fundi bomba, naomba muiache. Hapa nyuzi hazizuii oili, zinabana tu. Tepu haitasaidia, na vipande vyake vinaweza kwenda kuziba njia ndani ya boksi.

Njia za kuunganisha

Ya kwanza ni kwenda kwa watu wanaotengeneza hosi za matrekta na magreda. Wapelekee hosi ya zamani na ile iliyokuja na injini. Watakupa hosi moja yenye ncha ya M16 upande wa pampu na mdomo wa tarumbeta upande wa boksi, wakiibana kwa mashine. Waambie ni ya pawa stelingi, wakupe mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Ndiyo njia ninayoipenda, na hata nyumbani utaipata: Gerezani kwa walioko Dar, Grogan kwa walioko Nairobi.

Ya pili ni adapta. Unafunga adapta moja kwenye pampu na nyingine kwenye boksi, zote zikitoka na kipimo kiitwacho AN-6, kisha unaunganisha kwa hosi ya tefloni iliyosukiwa nyaya za chuma. Angalia kitu kimoja: AN ina mteremko wa digrii 37, na mdomo wa paipu za zamani ni digrii 45. Usivikutanishe bila adapta, vitavuja. Pia hosi ya tefloni haitanuki sana, kwa hiyo mlio wa pampu unaweza kusikika zaidi kuliko kwenye mpira.

Kwa marejeo, nunua mpira wa pawa au wa oili ya giaboksi otomatiki. Ule wa maji ya hita haufai; oili inaulainisha na kuuvimbisha.

Joto na mtikisiko

Injini inacheza juu ya mipira yake, boksi limefungwa kwenye chesisi. Kwa hiyo lazima pawe na kipande kinachopinda. Paipu tupu ya chuma itapasuka. Iachie hosi ulegevu kidogo, isikunjwe kona kali, isisuguane na mkanda. Zaidi ya yote iepushe na ekzosi. Oili ya pawa inawaka, na tundu dogo kwenye hosi ya presha linatoa mvuke wa oili, si matone. Mvuke huo ukigusa ekzosi ya moto, gari limekwisha. Pakikosekana nafasi, ivalishe soksi ya kuzuia joto. Na usitafute uvujaji kwa kiganja wakati injini inanguruma! Oili yenye presha hiyo inaweza kupenya ngozi, na hilo ni jeraha la kukimbizwa hospitali. Tumia kipande cha boksi la karatasi.

Kutoa upepo

Kabla ya kufunga, suuza boksi, maana uchafu wa miaka hamsini utaiua pampu. Kisha inua magurudumu ya mbele na uyaweke juu ya stendi, usitegemee jeki peke yake. Jaza oili inayotakiwa na pampu. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho mara ishirini hivi, ukiongeza oili inaposhuka. Ndipo uwashe. Ukiona povu, bado kuna upepo: zima, subiri litulie, rudia. Na usishikilie usukani mwisho wa kona zaidi ya sekunde chache. Hapo ndipo presha inapofika kileleni na oili inapochemka.

Pikapu ya jamaa sasa inakata kona kwa kidole kimoja. Kwa hiyo wandugu, kabla hujafungua pochi, pima pampu peke yake na boksi peke yake, halafu ndiyo uagize hosi. Kila la heri na mitihani.