Acha Kuscroll Bure, Msee: Iambie Brauza Unachotaka

Cheki, uko keja Maseno, ni saa tano usiku, bando ya mbao inakaribia kuisha na unasaka taimtebo ya mtihani. Unagoogle "Maseno timetable", unaletewa saiti kumi zenye matangazo, zingine za mwaka juzi. Bando inakufia hapo hapo.

Next time andika hivi: site:maseno.ac.ke filetype:pdf timetable. Usiache nafasi baada ya zile nukta mbili. Umeambia Google ikuletee PDF tu, tena za saiti ya chuo pekee. Kama chuo hakijaipandisha hutapata kitu, lakini angalau utajua mapema ulale.

Hii kitu inasaidia zaidi kwa mambo ya doo. Anwani inayoishia .go.ke hupewa ofisi za serikali pekee, na .ac.ke hupewa vyuo. Lakini .co.ke mtu yeyote ananunua, hata tapeli. So ukisaka pasipoti ama cheti cha polisi, anza na site:go.ke, zile saiti feki za "lipa tukusaidie" zinapotea. Ila kuna shimo moja: HELB wanatumia helb.co.ke, so hiyo site:go.ke itawaruka. Wao waandikie anwani yao moja kwa moja, herufi kwa herufi.

Kwa laptopu, bonyeza Ctrl na L, kasa inaruka juu kwa anwani. Kwa Chrome andika @tabs, bonyeza nafasi, kisha jina la kitu ulichofungua. Kama uko na tabo arobaini (najua uko nazo), inakupeleka kwa ile unayotaka. @history inasaka ulikopita jana. Firefox wao wanatumia alama: % ni ya tabo, ^ ni ya historia.

Na si wazo jipya. 2008 Mozilla walitoa jaribio linaitwa Ubiquity: unaandika "map" ama "translate" na brauza inafanya bila kuhama ukurasa. Halikudumu, lakini siku hizi AI zinarudisha mchezo huo huo, na unaeza ziambia kwa Kiswahili. Ikikupa tarehe ya dedilaini, fungua linki uone inaishia na nini kabla utume pesa.