Maktaba ya kijijini: nani hulipa?

Watoto wetu wanapokosa mahali pa kusomea, wengi wetu hungoja mfadhili. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka maktaba kuwa jukumu la serikali ya kaunti. Yaani pesa zake zinaweza kutoka kwa ushuru wa sokoni, ada za leseni na mgao wa serikali kuu. Hizo ni pesa zetu.

Kwanza, tujue tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30 kupita. Maktaba ikikosekana kwenye mpango wa Septemba, ni vigumu kuiona kwenye bajeti ya Aprili.

Pili, tusiombe jengo peke yake. Jengo hujengwa mara moja. Mshahara wa mkutubi, stima na vitabu vipya hulipiwa kila mwaka. Pesa hizo zisipotengwa, mlango utabaki na kufuli.

Kikao cha maoni ya wananchi kikiitishwa katika wadi yako, nenda na ombi lililoandikwa na kutiwa sahihi na majirani. Mpe mwakilishi wadi nakala, nawe ubaki na yako.