MASHINI IKIZIMIKA, FISHI YAKO IKO WAPI?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayeleta mtoto dispansari, siku mganga anapotafuta jina lako katika kompyuta, anaona nini? Anaona tarehe ya chanjo yako ya pepopunda. Anaona kama penisilini inakudhuru. Anaona kama mtoto wako ana damu ya SS. Anaona picha za kifua ulizopigwa miaka iliyopita. Vumbi la mawe huharibu mapafu polepole, na ugonjwa wake mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 na zaidi. Bila picha ya zamani, mganga atajuaje kama mapafu yako yamebadilika?

Sasa fikiri. Ni usiku wa manane. Mtu wa ekipi ya usiku analetwa kutoka mgodini hana fahamu, na kompyuta kubwa inayoshika fishi zote imekufa. Nani atamwambia mganga kwamba sindano anayoishika inaweza kumwua mgonjwa huyu?

Kwa sababu hiyo, kazi ya kutunza fishi hupewa mashini mbili. Ya kwanza hupokea kila kinachoandikwa. Ya pili hunakili kila neno na kungoja, kama pampu ya akiba mgodini. Ya kwanza ikifa, kazi huhamishiwa kwa ya pili, na mgonjwa hajui kama kuna kilichotokea.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya namna hii huoza, tena bila harufu. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni GitLab, inayotunza kazi za watengeneza programu wa dunia nzima, ilipatwa. Fundi mmoja alikuwa akitengeneza mashini ya pili, na kwa kukosea akafuta kumbukumbu za mashini ya kwanza. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuweka akiba. Siku hiyo hakuna hata moja iliyoweza kutegemewa. Walichopata ni nakala moja tu, iliyochukuliwa kwa mkono muda wa saa 6 hivi kabla ya ajali. Yaliyoandikwa katika kumbukumbu hizo baada ya hapo yalipotea. Akiba ilikuwapo kwa jina, lakini hakuna aliyekuwa ameijaribu.

Sisi wa Kisangani tuna somo lingine, na tulilipata kwa uchungu. Katika vita vya siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wetu. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa na wengine 1.700 hivi waliojeruhiwa. Mabomu yalikata umeme na maji, na hospitali zikapokea majeruhi katika hali hiyo. Kwa hiyo ukiweka mashini mbili katika chumba kimoja, kwenye waya mmoja wa umeme, hesabu kwamba una mashini moja. Ya pili ikae nyumba nyingine, na iwe na umeme wake.

Kwa wanaotunza fishi, kanuni ni hizi:

1. Jaribuni akiba kabla ya ajali. Chagueni siku ya kazi nyepesi, zimeni mashini ya kwanza kwa makusudi, na fanyeni kazi kwa ya pili. Kisha fungueni fishi chache na mtazame kama maandiko ya jana yamo.

2. Iandikwe mashini moja tu. Kabla ya kuhamia kwa ya pili, hakikisheni ya kwanza imefungwa kabisa. Pirogi yenye waongozaji wawili hupinduka. Mashini mbili zikipokea maandiko kwa wakati mmoja, mgonjwa mmoja atakuwa na fishi mbili zinazobishana.

3. Daftari na kalamu visiondoke mezani. Mashini zote mbili zikizimika, andikeni kwa mkono. Zikirudi, ingizeni kila mstari wa daftari kabla ya kulifunga.

Na wewe mfanyakazi, una kazi yako:

1. Tembea na kadi ndogo mfukoni: jina, namba yako ya kazi, dawa zinazokudhuru, ugonjwa ulio nao kama kifafa au sukari. Andika na aina ya damu yako. Hata hivyo usikasirike damu yako ikipimwa tena kabla ya kuongezewa damu. Kupima ni lazima, kadi haitoshi.

2. Nakala ya kadi hiyo ikae nyumbani, na mke au mume wako ajue ilipo. Kadi za chanjo za watoto zitunzwe pamoja nayo, mbali na maji.

3. Ukiambiwa "mashini imezimika", usirudi nyumbani na ugonjwa wako. Omba uandikwe kwenye daftari. Wiki inayofuata pita uulize: je, yale ya daftari yameingia katika fishi yangu? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Fishi ni yako.

Mashini ina ya akiba. Uhai hauna. Leo jioni, kabla ya kulala, andika kadi yako.