Bustani ya Jikoni ni Ghala la Kiangazi

Katika milima ya Burundi na Rwanda, mwezi wa Juni ukifika mvua hukatika, wala hairudi sawasawa hadi Septemba. Huo ndio wakati wa taabu kwa mama mwenye nyumba. Maharage yamo ghalani na muhogo umo shambani, lakini mboga hakuna. Lengalenga iliyopatikana bure mwezi wa Aprili sasa hununuliwa sokoni, tena kwa fungu dogo. Siku fedha isipopatikana, watoto hula ugali kwa chumvi.

Hasara ya jambo hilo haionekani kwa siku moja. Mtoto akosaye mboga za majani na matunda kwa muda mrefu hupungukiwa na vitamini A. Jua likitua haoni vizuri, na surua ikimpata humlemea kuliko mwenziwe aliyeshiba vyema. Kinga ya balaa hilo yaweza kuota hatua kumi tu kutoka mlango wa jiko.

MAARIFA YA ZAMANI, JINA JIPYA

Mwaka 1978, Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, walitoa kitabu kilichoeneza neno pamakacha, yaani kilimo cha kudumu. Misingi yake ni mitatu: kutunza ardhi, kutunza watu, na kugawana ziada. Mkulima huambiwa autazame msitu. Msitu hautiwi mbolea ya dukani, na bado hustawi, kwa kuwa jani linaloanguka hurudi kuulisha mti.

Wazee wa milimani hawakulihitaji neno hilo. Tangu zamani waliizunguka rugo, yaani boma la nyumba, kwa migomba. Chini yake wakapanda magimbi na maharage, na samadi ya ng'ombe ikairudishia ardhi nguvu zake. Kilichobadilika ni ukubwa wa shamba. Urithi wa baba umegawanywa kwa wana, na wao wameugawa tena. Kwa hiyo kila kipande kilichobaki hakina budi kupangwa kwa akili.

KILA KITU MAHALI PAKE

Kanuni ya kwanza ni nyepesi: kinachohitajiwa kila siku kikae karibu. Lengalenga, sukuma wiki, vitunguu na nyanya zipandwe kando ya jiko, ambako mama hupita mara nyingi kwa siku na kumwona mdudu kabla hajaharibu. Mipapai, viazi vitamu na mibuni ifuate nyuma yake. Miti ya kuni na majani ya mifugo ikae mbali zaidi. Kwenye mteremko, matete yapandwe kwa mistari inayoukata mlima kwa upana, ili yawe kinga maji na kuzuia udongo usichukuliwe na mvua.

MAJI YASIPOTEE

Paa la mabati lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4 lina mita 20 za mraba. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake, maji yatelemkayo hukaribia lita 200, yaani pipa zima au ndoo kumi za lita 20. Familia isiyo na mfereji wa bati chini ya paa humwaga mali hiyo bondeni, kisha wakati wa kiangazi humtuma binti kisimani.

Maji ya kuoshea mboga na vyombo nayo yana kazi, mradi yasiwe na sabuni nyingi wala mafuta. Hayo ndiyo hunywesha tuta la duara. Juu ya ardhi huchorwa duara lenye upana wa mita 2, na upande mmoja huachwa njia nyembamba ya kufikia katikati. Hapo katikati husimamishwa kapu la fito. Ukuta wa mawe hujengwa kuzunguka duara mpaka kiunoni. Ndani yake hupangwa mawe madogo, kisha majani makavu, samadi na majivu kidogo, na mwisho udongo mzuri ulioinuka kuelekea kapuni. Maganda ya jikoni na maji machafu hutiwa katika kapu, na unyevu husambaa polepole hadi kwenye mizizi. Hata bibi mzee asiyeweza kuinama huvuna akiwa amesimama.

UDONGO USIACHWE UCHI

Udongo uliofunikwa kwa majani makavu hukauka taratibu kuliko ule ulioachwa wazi juani. Majani ya migomba hufaa sana, lakini yasichukuliwe katika migomba yenye mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huo ulionekana Uganda mwaka 2001, kisha ukaenea katika nchi jirani, na husafiri kwa kisu kinachohama kutoka mgomba hadi mgomba. Panga lipitishwe motoni kabla ya kukata mgomba mwingine.

KAZI YA NYUMBA NZIMA

Mara nyingi mume hupanda zao la fedha mpaka mlangoni, halafu hushangaa mboga inapokosekana mezani. Fedha za kahawa huja kwa msimu, ilhali njaa ya mtoto huja kila jioni. Mume mwema atatenga kipande karibu na jiko, atabeba mawe na kujenga ukuta. Watoto watakusanya majani na maganda. Mama ataacha miche michache izae mbegu za msimu ujao, na ziada atamgawia jirani, ambaye kesho huenda akawa na mbegu iliyompotea yeye.

Mboga ikishavunwa isichemshwe mpaka ikapoteza rangi. Itiwe mafuta kidogo, kwani mafuta huusaidia mwili kuipokea vitamini A. Na mawese mekundu yenyewe yana utajiri wa viini vyake. Haba na haba hujaza kibaba. Familia itakayoanza tuta moja kabla ya mvua kukatika, itakuwa na kitoweo Agosti, wakati masoko yatakapokuwa yamepanda bei.