Jina la mtoaji kwenye kipaza sauti, hesabu kabatini

Katika makanisa mengi ya Tanzania na Kenya, ibada ya Jumapili haiishii kwenye baraka. Kuna mnada wa kuku, mayai na mikungu ya ndizi iliyoletwa madhabahuni. Kuna bahasha zenye namba za washarika. Na siku ya harambee kuna mshereheshaji anayetaja majina na viwango mpaka aliyenyamaza naye anyanyuke. Yote haya hufanyika kwa jina la uwakili, yaani fundisho kwamba fedha, ardhi, muda na vipaji ni mali ya Mungu, na binadamu ni mtunzaji atakayedaiwa hesabu. Fundisho hilo ni sahihi, ila katika kulitekeleza tumeligeuza juu chini. Maandiko yanamtaka mtoaji ajifiche na mpokeaji ajiweke wazi. Sisi tunamtangaza mtoaji na kuyafungia matumizi kabatini.

Tuanze na mpokeaji, maana ndiye anayesahaulika tunapohubiri uwakili. Paulo alipochangisha makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka kubeba fuko peke yake. Aliwataka Wakorintho wawaidhinishe watu wao wenyewe wa kuupeleka mchango, na katika sura ya nane ya waraka wa pili anaeleza kwamba Tito atafuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asipatikane wa kuwalaumu kwa habari ya fedha nyingi kiasi hicho. Alikuwa mtume, na bado hakudhani kwamba wito wake unatosha kuwa risiti. Karne nyingi kabla yake, mfalme Yoashi alikuta, katika mwaka wa 23 wa utawala wake, kwamba makuhani wamepokea fedha na hekalu bado lina nyufa. Hakuagiza watu wahubiriwe zaidi juu ya utoaji. Kuhani Yehoyada alitoboa tundu kwenye kifuniko cha kasha, akaliweka karibu na madhabahu, na lilipojaa, fedha zilihesabiwa na watu wa ofisi mbili tofauti: mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu.

Mpenda usiri ataonyesha kwamba sura hiyohiyo ya 12 ya Wafalme wa Pili inasema wasimamizi wa mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Ni kweli imeandikwa hivyo. Lakini fedha ziliwafikia zikiwa zimekwisha kuhesabiwa mbele ya mashahidi, na kazi yao ilionekana ukutani kwa kila aliyeingia kusali. Imani kwa mafundi ilikuja baada ya utaratibu, haikuwa badala yake. Anayetaka kuaminiwa kama wao hana budi kukubali kwanza lile kasha na wale wahesabuji wawili.

Kwa upande wa mtoaji, agizo la Mathayo 6 kwamba mkono wa kushoto usijue unalotenda wa kuume linafahamika hata kwa watoto wa shule ya Jumapili. Ajabu ni kwamba mstari huo hutajwa zaidi na kamati inayokwepa kusoma taarifa ya fedha kuliko na mchangishaji mwenye kipaza sauti. Mstari huo unahusu sadaka ya mtu binafsi. Hauna neno juu ya mweka hazina anayeshika mali ya wengi. Wapo wanaojibu kwamba jina likitajwa huwatia wengine moyo, na kwamba hata Barnaba aliandikwa katika Matendo ya Mitume alipouza shamba na kuweka fedha miguuni pa mitume. Hoja hiyo ina uzito, lakini tusome mpaka sura inayofuata. Anania na Safira wanauza mali, wanaficha sehemu ya fedha, kisha wanajifanya wametoa zote. Petro anamkumbusha Anania kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kukiuza fedha zilikuwa mikononi mwake, hakuna aliyemlazimisha. Kosa lao lilikuwa uongo, na ni vigumu kutoona kwamba sifa zilizotangulia ndizo walizozitamani. Hata yule mjane wa senti mbili alisifiwa kwa namna inayouvunja utaratibu wa mnada, kwa sababu kiwango chake kilikuwa cha chini kuliko vyote.

Jina likishakuwa sehemu ya sadaka, sadaka huanza kununua kitu. Kenya imeliona hilo waziwazi. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia madhabahuni, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Katoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto jijini humo. Wapo waliouliza kwa nini parokia yenye mahitaji ikatae msaada. Jibu ni kwamba wakili hana haki ya kuuza jukwaa ambalo si lake.

Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana. Katika mfano wa talanta, hata aliyepewa moja alipewa mali nyingi: talanta ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Ndivyo zilivyo karama zinazokaa kwenye mabenchi yetu. Usharika una mhasibu, fundi umeme, mwanasheria na mama anayeendesha kikoba bila kupoteza shilingi, lakini wote wanaulizwa swali moja tu, la bahasha. Uwakili ukipimwa kwa kiwango kilichotajwa hadharani, ujuzi wa watu hawa unazikwa ardhini, na safari hii aliyeshika jembe ni kanisa lenyewe.

Wengine wanahofu kwamba hesabu zikiwekwa wazi, waumini watabishana juu ya mafuta ya gari la mchungaji. Watabishana kweli, kwa miezi michache. Lakini minong'ono ipo tayari, na hukua zaidi pale takwimu zinapokosekana. Wengine watasema dayosisi ina wakaguzi wake. Vema, basi muhtasari wa ukaguzi huo ubandikwe kwenye ubao wa matangazo kila robo mwaka, mapato na matumizi, kwa Kiswahili ambacho muuza nyanya anakielewa. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au watatu wasio ndugu, wakibadilishwa kwa zamu, na wale wanaotoa kwa simu wapewe namba ya akaunti ya kanisa, si ya mtu. Mnada wa ndizi uendelee, maana una furaha yake, ila orodha ya ahadi isisomwe kwa majina. Mahali ambapo hayo yatakataliwa, muumini anayo haki ya kuuliza sababu kabla ya kujaza bahasha nyingine, na kuuliza huko ni sehemu ya uwakili wake, kwa kuwa hata fedha aliyokwisha kuitoa atadaiwa kama aliikabidhi kwa mikono inayostahili.